Kupanga nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia hesabu hadi funguo

Swali la kwanza la anayetafuta nyumba ni "kodi shilingi ngapi kwa mwezi?" Jibu lake halitoshi kuamulia chochote. Kwanza, Dar es Salaam kodi hailipwi kwa mwezi: mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na wengine mwaka mzima. Pili, ukihamia pembezoni, nyumba ya laki moja na nusu inaweza kukumaliza kuliko ya laki mbili, kwa sababu ya bodaboda, maji na mita ya umeme. Mwongozo huu ni kwa mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kuishi Kimara, Mbezi, Goba, Tegeta, Bunju, Mbagala, Chanika, Kigamboni au Kibaha, na hataki kuhamahama kila baada ya miezi sita.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ukiwa bado umekaa

Tuseme unapata shilingi 800,000 mkononi kwa mwezi. Wengi husema kodi isizidi theluthi moja ya kipato. Kwa maisha yetu naona hiyo ni nyingi mno. Mtu ana nauli, ana wazazi kijijini, ana mdogo wake anasoma, na michango ya misiba na harusi haiishi. Weka robo. Hapo unatafuta nyumba ya 200,000.

Sasa hesabu fedha za siku ya kuingia. Kodi ya miezi sita ni 1,200,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 200,000. Kirikuu cha kuhamisha vyombo, tuseme 70,000. Kitasa kipya, balbu, mapazia, ndoo na umeme wa kuanzia, weka 100,000. Jumla ni 1,570,000, karibu mshahara wa miezi miwili kamili. Huo ndio mlima halisi wa kupanga nyumba mjini. Kodi ya mwezi watu wengi wanaimudu. Mkupuo ndio unaowashinda, wanaishia kukaa kwa shemeji mwaka mzima au kukopa kwa masharti mabaya.

Hesabu ya pili ni ya umbali. Nyumba moja iko Kimara, unatembea kwa miguu hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi, kodi 200,000. Nyingine iko ndani huko ukitokea Mbezi Louis, nzuri zaidi, ina uwanja, kodi 150,000. Lakini kutoka barabara kubwa hadi getini ni bodaboda, tuseme 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 78,000. Nyumba ya laki moja na nusu sasa ni ya 228,000, na bado hujapanda gari la kwenda mjini. Mkiwa wawili mnaotoka kila siku, inakuwa 306,000.

Hesabu hiyo inageuka kama unafanya kazi Mbezi yenyewe, Kibaha, au unauza duka mtaani kwako. Kwa hiyo pima kuanzia mlango wa kazini au shuleni kwa watoto. Habari kwamba eneo fulani "ni la bei nafuu" haina maana mpaka uijumlishe na nauli yako wewe.

Hatua ya pili: chagua upande, kisha chagua mtaa

Mji umetanuka kufuata barabara kubwa. Barabara ya Morogoro inakupeleka Kimara, Mbezi, Kibamba, Kiluvya na hatimaye Kibaha, ambayo tayari ni mkoa wa Pwani. Mwendokasi wa njia hii ulianza mwaka 2016 na ndiyo sababu nyumba za Kimara zilizo karibu na barabara hazishuki bei. Mbezi nayo ilichangamka zaidi stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilipohamia pale mwaka 2021. Barabara ya Bagamoyo inakupeleka Tegeta na Bunju. Ya Kilwa ni Mbagala na Kongowe. Ya Nyerere ni Ukonga, Gongo la Mboto, na kuendelea hadi Chanika. Kigamboni unaingia kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, na mwenye gari analipa tozo darajani, kwa hiyo iingize kwenye bajeti.

Ukishachagua upande, angalia ardhi. Kimara, Mbezi na Goba kuna vilima na mabonde. Nyumba ya mlimani inapata upepo, lakini barabara yake wakati wa masika inaweza kuwa korongo ambalo bajaji hazipandi. Nyumba ya bondeni ina bei ya kuvutia na sababu yake utaiona mwezi Aprili. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kupita katikati ya makazi ya watu hadi Jangwani, na kila mvua kubwa inapokuja, waliopanga pembeni yake ndio wanaobeba magodoro vichwani. Vijito vya Mbezi na Tegeta navyo hufurika. Kama unatafuta nyumba Julai au Agosti, wakati kila kitu ni kikavu, tazama kuta za nyumba za jirani: mstari wa matope ulioganda ukutani unakuambia maji yalifika wapi. Halafu muulize mama anayeuza genge hapo jirani, maana yeye hana faida yoyote kwa wewe kuhamia.

Angalia pia alama ya X ukutani, inayowekwa kwenye nyumba iliyopangiwa kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba yenye X inaweza kukaa miaka bila kuguswa, na kodi yake huwa ya chini. Usiichukue kwa malipo ya mwaka.

Hatua ya tatu: tafuta kwa miguu kabla ya dalali

Watu wengi wanaanzia kwa dalali au kwenye matangazo ya mitandaoni. Mimi ningeanza na watu. Mwambie fundi unayemfahamu upande huo, muuza duka, mwalimu, jamaa wa kikundi chenu cha kanisani au msikitini. Mpangaji anayeondoka ndiye chanzo bora kuliko vyote, kwa sababu anajua tabia ya mwenye nyumba, na nyumba inapokezanwa bila kodi ya mwezi mmoja ya udalali. Jumapili mchana, vaa viatu vya kutembelea, zunguka mtaa unaoutaka. Nyumba nyingi zilizo wazi hazijatangazwa popote.

Usipofanikiwa, nenda kwa dalali, na muwe na makubaliano kabla hamjaondoka kijiweni. Uliza ada ya kuzungushwa ni kiasi gani na inahesabika kwa siku au kwa kila nyumba. Sema bei yako ya mwisho na usiizidishe kwa aibu. Sema mahitaji yasiyo na mjadala: chumba na sebule, choo cha ndani, jiko, mita yake, maji. Dalali mzuri atakuonyesha nyumba tatu zinazofanana na ulichosema. Anayekupeleka kwanza kwenye nyumba ya laki tatu na nusu "uone tu" anakupotezea muda. Fedha yake ya mwezi mmoja mpe siku ya kukabidhiwa funguo, mkataba ukiwa umesainiwa. Ukiambiwa "weka kianzio sasa hivi, kuna mteja anakuja saa kumi", mwache mteja huyo aichukue.

Hatua ya nne: kagua nyumba kama anayeishi ndani

Nenda mara mbili. Mara moja asubuhi au mchana ukague jengo, na mara moja usiku ukague mtaa. Usiku ndio utakaposikia spika za baa, utaona kama njia ina taa, na utajua kama bodaboda zinakubali kuingia huko saa tatu.

Ndani ya nyumba, washa kila swichi na uchomeke chaja ya simu kwenye kila soketi. Fungua bomba zote. Mwaga maji chooni uone yanavyoondoka. Tazama dari: madoa ya kahawia ni paa linalovuja, hata kama rangi ni mpya. Tazama ukuta kwa chini: rangi inayobanduka na unga mweupe ni unyevu unaopanda, na kabati lako litaoza hapo. Njia nyembamba za udongo kwenye fremu za milango ni mchwa. Hakikisha madirisha yana nyavu za mbu. Piga simu ukiwa chumbani, kwani kuna mitaa ya mabondeni ambako mtandao unapatikana nje ya geti tu.

Maji yanastahili maswali yake. Je, ni bomba la DAWASA au kisima? Kama ni la DAWASA, yanatoka siku gani za wiki, na kuna simtenki ya lita ngapi kwa wapangaji wangapi? Kama ni kisima, onja. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na maji ya chumvi yanakufanya ununue ya kunywa na kupikia kila siku. Kama maji ni ya boza, uliza boza moja linakaa siku ngapi na wapangaji wanachangia vipi. Ulizia pia shimo la choo: lilinyonywa lini, na gari la majitaka linaweza kufika hapo lilipo? Swali hilo linaweza kukuokoa ugomvi mkubwa na wenzako.

Umeme ndio unaogombanisha wapangaji kuliko kitu kingine. Mita moja kwa vyumba vitano maana yake ni mjadala usioisha: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani anapika kwa jiko la umeme. Lakini kuna sababu nyingine ya kutaka mita yako, nayo ni ya fedha. TANESCO ina kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti moja huuzwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida huuziwa 292. Familia ndogo inayotumia uniti 60 italipa 6,000 katika kundi la kwanza na 17,520 katika la pili. Mita ya vyumba vitano ni vigumu kukaa chini ya uniti 75, kwa hiyo wote mnalipa bei ya juu. Kama nyumba ina mita yake, uliza iko kundi gani.

Jambo la mwisho la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa unaponunua umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Jengo la ghorofa hulipiwa kwa kila ghorofa, na kiwango chake kilitoka 5,000 kwenda 7,500. Wajibu wa kodi hiyo ni wa mwenye jengo, ingawa anayekatwa ni wewe mwenye kununua umeme. Kwa mwaka ni 18,000 kwa nyumba ya kawaida. Zungumzeni mapema ikatwe kwenye kodi ya pango mnapohuisha mkataba, na mliandike.

Hatua ya tano: mjue unayemlipa

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Utapeli wa kawaida uko hivi: mtu anapanga nyumba kwa muda mfupi, anajifanya ndiye mwenyewe, anachukua kodi za miezi sita kutoka kwa watu wanne au watano, kisha anazima simu. Siku ya kuhamia mnakutana na vyombo vyenu getini, kila mmoja na risiti yake.

Kinga yake haina gharama. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, msalimie mwenyekiti au mtendaji, useme unataka kupanga kwa fulani, nyumba iliyo mahali fulani. Muulize mjumbe. Waulize majirani wawili ambao dalali hakukutambulisha kwao. Omba kuona kitambulisho cha NIDA cha mwenye nyumba na karatasi moja inayomuunganisha na nyumba hiyo. Usitegemee hati kwa kila mtu. Maeneo mengi ya pembezoni hayajapimwa na wenye nyumba wana mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa. Huo unafaa, na ankara ya maji yenye jina lake inaongeza uhakika.

Nyumba za urithi zinahitaji uangalifu zaidi. Mzee amefariki, watoto ni saba, na anayekupangisha ni mmoja wao. Muulize kwa upole kama yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na uombe kuona barua ya mahakama inayomteua. Kama hana, unaweza kulipa kwa kaka mkubwa leo na dada yake akakugongea mwezi ujao akidai haitambui kodi hiyo. Kama anayekupangisha ni mwangalizi wa nyumba tu, mwenye nyumba akiwa Mwanza au nje ya nchi, ongea na mwenyewe kwa simu ya video, na fedha iende kwenye akaunti yenye jina la mwenyewe.

Hatua ya sita: omba unafuu, na ujue pa kuupata

Kodi inazungumzika, hasa nyumba ikiwa imekaa wazi. Watu wengi hupambana kupunguza elfu ishirini kwenye kodi wakasahau kupambana na mkupuo, ambao ndio unaowaumiza. Zungumza na mwenye nyumba mwenyewe, kwa heshima:

"Shikamoo mama. Nyumba nimeipenda. Laki mbili naiweza, kinachonizidi ni miezi sita kwa pamoja. Naomba nianze na mitatu."

"Marahaba mwanangu. Wote mnasema hivyo, mkishaingia simu hampokei."

"Basi tuandike, mama. Kodi ya mitatu inayofuata niilete wiki mbili kabla hii haijaisha. Nisipoleta, hizo wiki mbili zinakuwa notisi yangu."

Maneno kama hayo yanampa uhakika, na uhakika ndio anaoutafuta anapodai miezi sita. Njia nyingine ni kumwonyesha barua ya kazi, au kuja na mdhamini anayefahamika mtaani. Kama una fedha ya mwaka, hapo ndipo uombe bei ishuke. Na nyumba ikihitaji rangi au nyavu, omba uzitengeneze wewe kwa risiti na gharama ikatwe kwenye kodi.

Mkupuo usipotimia, kikoba ni bora kuliko mkopo wa mtaani. Kazini pia unaweza kuomba mshahara wa mbele. Mikopo ya kausha damu usiiguse kwa ajili ya kodi, maana marejesho ya kila wiki yataanza kula fedha ya chakula kabla hujafungua mabegi. Afadhali uchukue chumba kimoja cha 80,000 kwa miezi sita, ujipange, kisha uhamie unapopataka.

Hatua ya saba: mkataba

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna chombo kitakachomwambia mwenye nyumba kodi iwe kiasi gani. Kinachokulinda ni maandishi. Mkataba utaje majina kamili na namba za vitambulisho, nyumba ilipo, kiasi cha kodi na kipindi kilicholipiwa kwa tarehe. Utaje nani anatengeneza nini: paa, mfumo wa maji na shimo la choo ni vya mwenye nyumba, balbu na kitasa ulichovunja ni vyako. Utaje notisi ya kila upande, na ni lini kodi inaweza kupandishwa na kwa taarifa ya muda gani. Kipengele hiki cha mwisho mara nyingi hakimo, nacho ndicho kinachohamisha watu.

Usisahau kipengele cha nyumba kuuzwa au kuwekwa rehani: ikitokea, kodi iliyobaki irudishwe au mnunuzi aheshimu mkataba. Saini mbele ya wakili au serikali ya mtaa, nakala mbili, kila mmoja na yake. Lipa kwa benki au kwa simu ili alama ya malipo ibaki. Ukilipa taslimu, usiondoke bila risiti iliyoandikwa tarehe.

Siku ya kupokea funguo, piga video ya kila chumba, mita ya umeme na mita ya maji, kisha mtumie mwenye nyumba palepale. Hakikisha ankara ya maji haina deni la mpangaji aliyepita. Badilisha kitasa cha mlango mkubwa siku hiyohiyo. Wiki hiyo nenda ujitambulishe serikali ya mtaa. Utaihitaji ofisi hiyo kwa barua za utambulisho, na zaidi siku ukipata mgogoro. Mkishindwa kuelewana na mwenye nyumba, Baraza la Kata linaweza kuwasuluhisha, na shauri lenyewe linaamuliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mkataba, risiti na video yako ndivyo vitakavyosikilizwa.

Miezi sita inayofuata

Mkupuo wa pili unaanza kuhesabika siku ya kuingia. Kila mshahara ukitoka, weka 200,000 kando kabla ya matumizi mengine, kwenye akaunti au kibubu usichokigusa, kana kwamba unamlipa mwenye nyumba kila mwezi. Mwezi wa sita una 1,200,000 mkononi na hukopi kwa mtu. Mwezi wa nne muulize kama anaendelea nawe na kwa kodi gani. Akitaka kupandisha zaidi ya unavyoweza, una miezi miwili ya kuzunguka Jumapili mchana, na fedha ya kuingilia kwingine unayo.

Ukiamua kuondoka, toa notisi kwa maandishi kama mlivyokubaliana, lipa ankara ya maji hadi siku ya mwisho, piga video tena, na mtafutie mwenye nyumba mpangaji wa kukupokea miongoni mwa unaowafahamu. Mpangaji huyo naye atakuwa amepona kodi ya mwezi mmoja ya dalali.